Mdomo wa Akoth

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, nyumbani kwetu Nyamasaria kulikuwa na kikombe cha bati cha kijani ambacho hakuna aliyekinywea isipokuwa dada yangu Akoth. Hakikuoshwa pamoja na vingine. Kilikuwa na msumari wake ukutani, na chini yake sahani yake, kijiko chake na kitambaa chake cha kufutia mdomo. Mgeni akija na kukinyooshea mkono, Mama alikuwa mwepesi kuliko yeye; alimpa kingine huku akicheka kicheko cha kupitisha jambo. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Watoto wa wakati wetu hatukuelezwa mambo, tuliyaokota.

Nilichokiokota ni hiki: Akoth alikuwa na kifafa, na kifafa, walisema, hukaa kwenye povu. Akianguka usimguse. Povu likimtoka usilikanyage. Akijamba wakati anatetemeka, ziba pua ukimbie, kwa sababu hata upepo ule hubeba ugonjwa. Msicheke. Watu wazima waliosoma, wenye kadi za kanisa mfukoni, walinifundisha haya kwa uso mkavu, na mimi niliyashika kama nilivyoshika jedwali la kuzidisha. Tatizo langu ni kwamba nililala kitanda kimoja na Akoth, nikifunikwa blanketi lake, na sikuwahi kuanguka hata mara moja. Niliwaza huenda mimi nina kasoro.

Mama alikuwa akiuza mboga soko la Kibuye. Baba alikuwa Nairobi, bawabu kwenye jumba la ofisi, tukimwona Krismasi na wakati wa matanga. Kwa hiyo mzigo wa Akoth ulikuwa wa Mama peke yake, na alihangaika nao hadi mabega yakainama. Tulianza na maombi, tukaenda kwenye mitishamba, tukarudi kwenye maombi. Akoth alifukizwa, akachanjwa, akanyweshwa maji ya mizizi mpaka akatapika nyongo. Mfa maji haachi kutapatapa, na mama yangu alitapatapa kweli. Nilimwona siku moja amepiga magoti jikoni, mikono imejaa sukumawiki, akimwambia Mungu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amechoka.

Mwishowe muuza samaki mmoja pale sokoni akamwambia aache kuzunguka, ampeleke mtoto hospitali kubwa mjini. Huko tulimkuta daktari mwembamba aliyezungumza polepole. Alimpa Akoth vidonge vidogo vyeupe, fenobabitali, nasi nyumbani tukaviita vya usingizi, maana ndiyo kazi tuliyoiona vikifanya. Akoth alilala darasani, kichwa juu ya dawati, na mwalimu akamchapa kwa uvivu. Alilala akipepeta mchele. Akiamka alikuwa na hasira ambayo hatukuijua. Dada yangu, mtu wa mizaha, alinirushia kiatu kwa sababu nilipumua karibu naye. Na bado alianguka, si mara nyingi kama zamani, lakini alianguka. Mama akarudi kwa daktari akamwambia waziwazi kwamba sasa ana ugonjwa nyumbani na ana mgeni nyumbani, na kwamba mtoto wake mwenyewe hayupo.

Daktari akabadilisha. Safari hii vilikuwa vidonge vya ganda, ukikifungua kimoja unakuta unga mweupe ndani. Fenitoini. Kifafa kikaacha.

Hata leo nikisema neno hilo, kikaacha, najisikia kama mtu anayejivunia kuku kabla hajafika nyumbani. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwezi ulipita, na mwingine, Akoth hakuanguka. Alirudi kuwa wa kwanza katika hesabu. Alichota maji kisimani bila mtu kumfuata nyuma. Mama alianza kuimba tena, na alikuwa na sauti mbaya, na hatukujali.

Kisha ufizi ukaanza kuota. Sijui niseme vipi ili asiyewahi kuona anielewe. Nyama ya ufizi wake ilivimba, ikawa nyekundu na nene, ikaanza kushuka juu ya meno ya juu na kupanda juu ya meno ya chini. Kila juma iliyameza zaidi. Akipiga mswaki alitema damu. Vinyweleo vikamwota mikononi na juu ya mdomo, na siku nyingine alipotembea aliyumba kidogo, hata wavulana wa shuleni wakasema ameonja chang'aa. Akoth alikuwa ameingia umri wa kujitazama kwenye kioo. Akaacha kucheka. Akizungumza alifunika mdomo kwa mkono, na baadaye akaacha kuzungumza pia.

Mama akamrudisha hospitali. Daktari akasema ndiyo, dawa hii huwafanyia baadhi ya watu hivyo, hasa watoto; apige mswaki vizuri, asukutue kwa maji ya chumvi, na mwezi ujao atampatia dawa nyingine ambayo haichezi na ufizi. Kisha akasema jambo moja kwa mkazo, akimtazama Mama machoni: hata kama mdomo unavimba, dawa isikatwe ghafla, hata siku moja, mpaka yeye aseme. Mama aliyarudia maneno hayo njia nzima kurudi Nyamasaria. Alinirudishia mimi, akamrudishia Akoth, akazirudishia hata kuta za nyumba.

Shule zikafungwa. Likizo tulikuwa tukipelekwa Ahero kwa Dani, mama yake baba, kwa sababu Mama hakuweza kumwacha Akoth peke yake akiwa sokoni, na kwa sababu mpunga ulikuwa unakaribia kuvunwa na Dani alihitaji watoto wa kufukuza ndege. Mama alimkabidhi Dani chupa ya dawa kwa mikono miwili, macho chini, jinsi mke anavyomkabidhi mama mkwe kitu. Akamweleza asubuhi na jioni, asikose. Dani akaipokea, akaitia kwenye kikapu cha mayai juu ya kabati, akasema amesikia.

Nawaambia mapema kwamba Dani hakuwa mtu mbaya. Asije mtu akafikiri nimeandika habari za bibi mshamba aliyemwangamiza mjukuu. Sijawahi kupendwa na mtu kama nilivyopendwa na mwanamke yule.

Dani hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Hakuyapoteza, aling'olewa akiwa msichana, pamoja na rika lake lote la Wajaluo, kwa kipande cha chuma, na ilikuwa aibu kulia. Sisi watoto wa mjini tuliona ni ushamba. Yeye aliona midomo yetu iliyojaa ndiyo ushamba, akasema tunacheka kama punda. Lakini pengo lile halikuwa urembo tu. Lilikuwa mlango. Wazee wake walimfundisha kwamba kuna magonjwa yanayofunga mataya ya mtu, na siku hiyo ikifika, mwenye pengo atapitishiwa maji, uji na dawa, na asiye nalo atakufa chakula kikiwa mkononi mwa mama yake.

Na Dani aliyaona hayo kwa macho yake. Mwanawe wa kwanza, Otieno, alifikia umri wa kung'olewa wakati babu yetu alipokuwa ameingia misheni, na babu akakataa katakata, akasema hayo ni ya giza. Mtoto akakanyaga msumari. Mataya yakafunga. Dani alikaa naye na bakuli la uji, akijaribu kuupenyeza katikati ya meno, na uji ukamwagikia kifuani kwa mtoto mpaka alipokufa. Baada ya hapo aliwapeleka wanawe wote waliofuata kung'olewa, babu akiwa safarini, na babu aliporudi hakuthubutu kusema kitu. Ndiyo maana baba yangu ana pengo. Hadithi hii Dani aliisimulia bila machozi, na kila mara aliishia hapo kwenye uji.

Basi asubuhi ya kwanza tulipokuwa Ahero, Dani alimwita Akoth mlangoni penye mwanga, akamwambia aondoe mkono mdomoni. Akoth hakutaka. Dani akauondoa yeye mwenyewe, taratibu, akachungulia. Alichungulia muda mrefu. Nilimwona akigusa ule ufizi kwa kidole kimoja, juu, kisha chini.

"Mdomo unaziba," akasema. Dani alizungumza Kijaluo tu, nami naandika maneno yake kwa Kiswahili. "Nyakwara, mjukuu wangu, mdomo wako unaziba wenyewe. Siku kile kitu kitakapokushika na hakuna mlango, tutapitishia wapi dawa?"

Akoth alilia. Mimi nilisimama pale na teo langu la kufukuzia ndege, nikaamini. Kwa sababu ilionekana kweli! Mdomo ulikuwa unaziba. Tulikuwa tunauona ukiziba tangu miezi iliyopita, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amelitaja kwa jina lake mpaka Dani.

Akamwita Mzee Okelo, mtu wa mwisho upande ule aliyekuwa akijua kazi ya kung'oa meno. Alikuja na chuma chake kimefungwa kwenye kitambaa, mzee mnyamavu ambaye hakuwa amemng'oa mtu kwa miaka mingi, maana vijana walikuwa wameukataa mchezo huo. Akanawa mikono. Akamketisha Akoth juani, akafungua mdomo wake, akatazama, akapapasa, akarudi kutazama. Halafu akafunga chuma chake tena kwenye kitambaa.

Akasema hawezi kung'oa asichokiona. Nyama imefunika meno. Akitia chuma mle atapata damu tu, hatapata jino. Punguzeni nyama kwanza, ndipo mniite. Akauliza nyama hii imeletwa na nini. Dani akaenda kwenye kikapu cha mayai akarudi na chupa.

Mpaka leo nageuza siku ile kichwani, na kila nikiigeuza naona akili ndani yake, si upumbavu. Dani aliacha kumpa Akoth dawa ili nyama ipungue. Nyama ipungue ili meno yaonekane. Meno yaonekane ili yang'olewe. Yang'olewe ili siku ya shida dawa ipate pa kupita. Aliiondoa dawa ili aitengenezee njia dawa. Akoth mwenyewe aliuliza swali moja tu, kama ni kweli nyama itapungua akiacha, na Dani alipomwambia ndiyo, alikubali upesi kabla hajamaliza kusema. Ungekuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo ule, nawe ungekubali. Mimi nilitaja maneno ya daktari. Dani akanisikiliza mpaka mwisho, jinsi alivyomsikiliza kila mtu, akaniambia daktari ana meno yote, hajui.

Nisidanganye: siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Wingu liliondoka kichwani kwa Akoth. Aliacha kuyumba. Aliamka kabla yangu, akanivuta mguu, akakimbia mbele yangu kando ya mfereji akipiga debe na kupiga kelele kuwafukuza ndege, na ndege wakapaa wote kwa pamoja kutoka kwenye mpunga, naye akacheka bila mkono mdomoni, kwa sababu kule shambani hapakuwa na wavulana. Nilimpata tena dada yangu. Dani alituangalia kutoka kwenye tuta akipiga makofi. Jioni alichungulia ufizi akasema umepungua, nami nikachungulia nikasema umepungua, ingawa, nikisema kweli ya Mungu, ulikuwa vile vile.

Kifafa kilikuja asubuhi moja jua likiwa limepanda. Akoth alikuwa mbele yangu kwenye shamba la mpunga, debe mkononi. Debe likanyamaza. Nilipotazama, hayupo, mpunga tu unatikisika mahali pamoja. Nilikimbia ndani ya tope lililonifika magotini nikamkuta amelala kifudifudi kwenye maji, maji ya kina cha kiganja, ya kutosha kumuua mtu. Kulikuwa na watu wazima kwenye tuta. Waliona. Walisimama. Mwanamke mmoja akaniita kwa huruma kabisa kwamba niachane naye, nitashikwa. Nikamshika nywele nikainua uso wake, sikuweza zaidi ya hapo, nikabaki nimeinua kichwa chake juu ya maji na kumpigia Dani yowe.

Dani alikuja akianguka na kuinuka. Tukamvuta mpaka tutani. Nilidhani kitaisha kama zamani: hutetemeka, hutulia, hulala, huamka akiuliza saa. Kikatulia kidogo, na kabla hajafungua macho kikaja kingine. Kikatulia. Kikaja. Hakurudi katikati. Midomo yake ikawa na rangi ya wino.

Na mataya yalikuwa yamefunga.

Dani alinituma chupa. Nilikimbia, nikavunja mayai, nikarudi nayo. Alifungua kidonge kimoja, akaumwaga unga kwenye kiganja, akachanganya na maji, akajaribu kuupenyeza. Meno yamebana. Akajaribu kwa kijiko, kijiko kikakwaruza jino, damu ikatoka kwenye ule ufizi. Dawa ikateremka kidevuni kwa Akoth, ikamwagikia kifuani. Dani akaitazama ikimwagika. Sijui kama alikuwa anamwona Akoth au anamwona Otieno.

"Nilisema," alisema, kwa sauti ndogo. "Nilisema, nilisema."

Hilo ndilo onyo la bibi yangu lililotimia, mbele ya macho yangu, neno kwa neno. Mdomo umefunga, dawa ipo mkononi, na hakuna pa kuipitishia. Ningekufa siku ile ningekufa nikiamini kwamba Dani alikuwa nabii.

Tulimbeba mpaka barabarani kwa blanketi. Magari yalipunguza mwendo, wakatazama, wakaongeza mwendo. Lililosimama ni lori la sukari lililokuwa likitoka Muhoroni kwenda Kisumu. Dereva akashuka, akatazama, akajikuna shingo. Hakuwa mkatili, alikuwa na woga wa kila mtu.

"Mama, mimi nasaidia," akamwambia Dani. "Lakini hiyo povu ikienda kwa magunia, nani atakula hiyo sukari?"

Nilimfasiria Dani. Dani aliamini kuhusu povu kuliko hata dereva. Kile kikombe cha kijani ni yeye aliyekinunua, ni yeye aliyekipigilia msumari. Akapiga magoti kando ya barabara. Akalifuta povu lile kutoka mdomoni kwa Akoth kwa kiganja chake kitupu, akakipangusa kiganja kwenye kifua chake mwenyewe, akafuta tena. Kisha akapanda juu ya magunia, akakaa, akanyoosha mikono apewe mtoto. Njia yote mpaka Kisumu alikaa vile, kichwa cha Akoth mapajani, akifuta kwa kiganja.

Hospitalini muuguzi mmoja alitupokea, mwanamke mnene wa kutoka Kakamega, asiyejua Kijaluo. Akamlaza Akoth ubavu. Dani akaanza kumwonyesha mdomo, akiomba kwa Kijaluo, akijaribu kumpa kijiko. Muuguzi akausogeza mkono wake bila ukali. Hakuutazama mdomo kabisa. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akamvua Akoth chupi, akaipitisha dawa nyuma. Tukangoja. Ngoja ile simtakii hata adui. Mtetemeko ukapungua, ukawa wa mikono tu, ukawa wa vidole, ukaisha.

Dani alinishika bega.

"Muulize dawa imepita wapi."

Nikauliza. Muuguzi akajibu huku akihesabu mapigo ya moyo ya Akoth. "Imepita nyuma. Mtu akishikwa hivi hatuhitaji mdomo wake. Usimtie kitu mdomoni kabisa."

Nikamfasiria. Dani akaniambia nimuulize jambo jingine. Nimuulize, na mtoto aliyekanyaga msumari, akafunga mataya, hawezi kumeza hata uji, huyo wanamfanyaje?

Nilikuwa mtoto, nikauliza tu. Muuguzi naye alikuwa na kazi, akajibu tu, kwamba huyo hulishwa kwa mpira unaopita puani mpaka tumboni.

"Puani," nikamwambia Dani.

Akainua kidole akagusa pua yake. Akaketi chini, pale pale kwenye saruji, miguu imenyooka mbele, kama wanavyoketi wanawake kwenye msiba. Mama alipofika kutoka sokoni, bado na aproni, alimkuta hivyo. Alijua yote kwa kumtazama. Kwa mila zetu mke hamjibu mama mkwe, na Mama hakumjibu. Alimpita, akaenda kitandani. Siku zote zilizofuata alikuwa akimpita. Ningependelea wangepigana.

Akoth aliamka baada ya siku kadhaa. Aliamka, namshukuru Mungu, lakini aliyeamka hakuwa yule mwenye debe. Ilibidi ajifunze tena kushika kijiko. Maneno yalimjia moja moja, na mengine hayakuja tena. Hesabu zilikwenda na hazikurudi. Daktari mwembamba alikuja, akamsikiliza Mama, hakumgombeza mtu. Aliketi kando ya kitanda kwa muda, amevua miwani. Ile dawa nyingine aliyoiahidi ikachelewa, kwa hiyo Akoth akarudishiwa fenitoini ile ile, na ufizi ukaendelea kuota.

Dani akahamia kwetu Nyamasaria bila kualikwa. Alikuja na kikapu chake akasema dawa ya Akoth sasa ni kazi yake. Mama akaendelea kumpita. Asubuhi na jioni Dani alimwekea kidonge ulimini kwa mkono wake, akampa maji, akamwambia afungue mdomo wote, akachungulia kila kona kuhakikisha amemeza. Alimsugua ufizi kwa kitambaa na chumvi. Wanawake wa kanisani walipokuja kumjulia hali, mmoja akashtuka alipomwona Akoth, akasema mama, mdomo wa mtoto unaziba.

"Acha uzibe," Dani akasema.

Nilimwona Mama, aliyekuwa akikata vitunguu, akisimamisha kisu. Jioni ile ndiyo ya kwanza alimpakulia Dani chakula kwa mkono wake.

Dani aliugua miaka ya tisini, mimi nikiwa mtu mzima tayari. Upande mmoja wa mwili ulilala, koo likakataa kumeza. Pengo lake lilikuwa pale pale, wazi, na halikumsaidia kitu. Wakamtia mpira puani. Wagonjwa wengi huung'oa. Wauguzi walitaka kumfunga mikono. Yeye hakuugusa ila kwa kidole kimoja, taratibu, pale unapoingilia. Nilikuwa namshikia chupa ya uji mwepesi, tukiutazama ukishuka. Alisema kitu ambacho sikukisikia, nikainama, akarudia. Alikuwa amesema Otieno.

Watu husema Dani ndiye aliyemharibu Akoth. Wengine wa ukoo husema hapana, ni dawa za hospitali. Si zilikuwa zinaziba mdomo? Mimi nimechoka kuwasikiliza wote wawili, na nikichokozwa hujibu vibaya. Dawa ile ilimwinua dada yangu na ikamharibu uso. Kuiacha kulimrudishia kicheko chake na kukamtwaa yeye. Dani alijua jambo moja kuhusu midomo inayofunga, alilijua kwa kuzika mtoto, na kama mtu angaliwahi kumwambia kuhusu pua, asingalikuwa Dani niliyemjua. Siwezi kumsamehe vizuri na siwezi kumlaumu vizuri. Nimekaa hapo katikati miaka yote hii na nadhani nitazikwa hapo.

Akoth anaishi nami. Hiyo dawa nyingine ilikuja hatimaye, ufizi ukarudi nyuma polepole, na mtu akimwona leo hatajua. Hupepeta mchele vizuri, huimba kwa sauti ya Mama. Kile kikombe cha kijani kimetoboka na sasa kimeota dhania dirishani. Jioni nampa kidonge na maji kwenye kikombe chochote kilicho karibu. Akishameza anafungua mdomo wote, nichungulie, jinsi Dani alivyomzoesha. Nilijaribu zamani kumwambia haina haja, akakataa kuufunga mpaka nitazame. Basi natazama. Meno yote yapo, na dawa imepita.